Si Manyoya Yaliyomuua Mama Yako

Whitehall, Columbus, Jumamosi mchana

Ineza mwanangu,

Umetoka kwenda kuwaaga wenzako wa kwaya, nami nimekaa hapa mezani jikoni kwa sababu ndipo penye mwanga wa kutosha macho yangu. Nadhani nina saa tatu kabla hujarudi. Kesho asubuhi nitakupeleka kwenye basi la Buffalo, na barua hii nitaichomeka ndani ya kile kitabu chako kinene cha mwili wa binadamu, maana hicho najua hutakisahau. Nilianza kuiandika kwenye simu, nikawa nafuta kila mstari. Kwenye karatasi nikikata neno, alama inabaki. Acha ibaki.

Sitakuandikia habari za koti na theluji, wala za kufunga mlango, wala za watu wa kukaa nao. Hayo akina mama wa kanisani wamekwambia wiki nzima, na mengine unayajua kunizidi. Mimi nina jambo moja. Nimelikalia miaka saba.

Jumapili iliyopita ulisimama mbele ya watu kutoa ushuhuda wa kuondoka. Ulikuwa umevaa lile gauni la buluu, na sauti yako haikutetemeka hata kidogo. Ulisema, "Mama yangu alikufa kwa vumbi la manyoya ya wanyama. Aliyaleta nyumbani kwa sababu mimi nilimwomba anitengenezee kofia. Ndiyo maana nakwenda kusomea kazi ya kuwasaidia wagonjwa kupumua." Watu wakapiga makofi. Mama Mchungaji akalia. Mimi nilikuwa benchi la tatu, nikatazama viatu vyangu. Nilipaswa kusimama palepale. Sikusimama.

Ineza, si manyoya. Wala si kofia yako. Mama yako alikufa kwa ugonjwa wa moyo, na mimi nimelijua hilo tangu hospitalini, kabla hajafa.

Ngoja nikueleze tangu mwanzo, kwa sababu nikianzia katikati nitapata pa kujificha.

Tulipofika Amerika, mji wetu wa kwanza ulikuwa Louisville. Ulikuwa na miaka minne, nadhani unakumbuka tu yule mbwa wa jirani. Walitupeleka kupimwa afya, kama wanavyowapeleka wote wanaotoka kambi za wakimbizi. Daktari aliweka kile chombo kifuani kwa mama yako, akasikiliza muda mrefu sana. Akamwita mwenzake, naye akasikiliza. Mkalimani akatuambia kuwa moyo wa Goreti una sauti isiyotakiwa kuwepo, na kwamba huenda ilitokana na ugonjwa wa koo wa utotoni ambao haukutibiwa vizuri. Wakampangia siku ya kurudi ili moyo wake upigwe picha. Wakatupa karatasi.

Siku hiyo ya picha ilikuwa Alhamisi. Jumanne ya wiki ileile, rafiki yangu mmoja tuliyekua naye kambini alikuja na gari kutuchukua. Alikuwa amenitafutia kazi kwenye ghala la hapa Columbus, nami nilikuwa na hamu ya kazi kama mtu mwenye kiu. Mama yako alikuwa anafunga mablanketi. Akasema, "Baba Ineza, na ile siku ya moyo?"

Nikamwambia, "Kwani Columbus hakuna madaktari? Tutakwenda hukohuko."

Hatukwenda. Hakuna aliyetuzuia, Ineza. Ningependa kukwambia kuwa tulikataliwa, au tulipotea njia, au gari liliharibika. Tulifika, nikaanza kazi, wewe ukaanza shule, Goreti akawa mzima wa kupika na kucheka, na karatasi ikalala kwenye mfuko wa vyeti vya safari. Kila nilipofungua ule mfuko kutafuta kitu, niliiona. Niliigeuza upande usio na maandishi.

Halafu akaja Bibi Pegi. Unamkumbuka mwenyewe, yule mzungu mzee wa huko ng'ambo ya Westerville, ambaye mama yako alikuwa anamfanyia usafi wa nyumba. Alikuwa na alpaka sita. Siku ya kwanza Goreti alirudi akicheka hadi akakaa chini: "Nimeona wanyama wenye shingo ya ngamia, mwili wa kondoo, na macho ya mtu anayekudharau!" Kila masika, wakishakatwa manyoya, Bibi Pegi alimpa gunia zima. Akamwazima na gurudumu la kusokotea uzi, lile la mbao la kukanyaga kwa mguu. Bibi Pegi alishangaa jinsi mama yako alivyojifunza haraka. Mimi sikushangaa. Kule kambini, alipokuwa msichana mdogo, alikuwa anafumua magunia ya chakula na kusokota kamba pamoja na babu yako. Vidole vyake vilijua kazi hiyo kabla hajaliona gurudumu.

Mimi sikuipenda. Nakwambia ukweli: niliona haya. Tulikuwa tumetoka kwenye vumbi, tumepata kapeti na dirisha la kioo, na mke wangu anamwaga manyoya yenye majani na mavi makavu kwenye kibaraza cha nyuma, anayachambua kwa mikono. Nililalamika juu ya harufu. Nililalamika juu ya mabeseni. Siku moja alikuwa ameyaloweka manyoya meupe kwenye maji moto yenye sabuni, akatoka kidogo, nami nikataka kuoga. Nikayashika kwa hasira, nikayatia kwenye maji baridi, nikayakamua kama fulana. Yaligandamana yakawa kitu kigumu kama kandambili. Aliporudi alikiokota kile kitu, akakizungusha mikononi, akanitazama. Mimi badala ya kuomba radhi nikasema, "Si ungenieleza?"

Mwaka uliotimiza miaka kumi na miwili, uliona kofia ya Bibi Pegi, ukamwambia mama yako, "Mama, nami nitengenezee kama ile." Alifurahi mno. Kwa mara ya kwanza ulikuwa umependa kitu cha mikono yake badala ya kitu cha dukani. Akaleta gunia la manyoya ya kahawia. Wewe ulishika upande mmoja, yeye upande wa pili, mkapanda nalo ngazi. Najua hiyo ndiyo picha unayotembea nayo.

Sasa sikiliza ambayo hukuiona. Kabla ya gunia lile, majira yote ya baridi, mama yako alikuwa hawezi kumaliza ngazi za nyumba hii. Ziko kumi na nne. Akifika ya saba alisimama, akainama, akajifanya anafunga kiatu. Alikuwa anavaa ndala, Ineza. Nilimwona. Nilikuwa nyuma yake mara nyingi, na kila mara nilijipapasa mifukoni kana kwamba natafuta ufunguo, ili yeye apate muda wa kuvuta pumzi na mimi nisilazimike kuuliza. Tulikuwa watu wazima wawili, kila mmoja anamsaidia mwenzake kudanganya.

Kikohozi kilipoanza, nilipata jibu lililonifaa. Nilimwambia mezani, wewe ukiwa umekaa palepale unapokaa siku zote, "Ni hayo manyoya yako. Unakula vumbi la wanyama kutwa, kwa nini usikohoe?"

Akasema taratibu, "Unadhani ni hayo?"

"Ni nini tena?"

Akaniamini. Hilo ndilo linalonitafuna. Alikuwa mtu wa kubishana, unamjua, lakini siku hiyo aliniamini, labda kwa sababu naye aliogopa lile jibu lingine. Alifunga gunia, akalisukuma kabatini, akalifunika gurudumu kwa shuka. Kikohozi hakikuisha. Nikasema vumbi limeshaingia kwenye kapeti. Tukakodi mashine, tukasafisha kapeti, wewe ukiwa umefunga kitambaa puani. Usiku akawa analala amekaa. Nikasema ni hali ya hewa. Wiki tatu nzima nilikuwa na maelezo, na kila maelezo yalimweka mbali na hospitali siku nyingine mbili.

Siku aliyoanguka ulikuwa shuleni. Kwa kawaida wewe ndiye uliyekuwa mkalimani wetu, kwa daktari, kwa mwenye nyumba, kwa kila mtu. Siku hiyo walitupigia mkalimani wa simu. Alikuwa Mkongomani, kwa sauti nadhani ni mtu wa Bukavu, na alikuwa mpole. Akasema, "Papa, docteur anasema ni moyo. Mlango moja ya moyo iliharibika tangu zamani, tangu utoto. Maji inajaa mu mapafu, ndiyo ile kikohozi. Bon, anauliza kama kuna mtu alishawaambia mbele."

Daktari alikuwa ananitazama. Ile karatasi ya Louisville niliijua hata ilivyokunjwa.

Nikasema, "Hapana."

Kisha nikauliza, "Na manyoya? Alikuwa anafanya kazi na manyoya."

Yule mtu akauliza kwa Kiingereza, akasubiri, akanirudia: "Hapana, papa. Manyoya haina kosa."

Aliishi siku nne. Ulikuja kila jioni, madaktari wakiwa wameshapita, ukampaka mafuta miguuni. Siku ya tatu, ulipokwenda kutafuta maji, alinigeukia akaniambia, "Ni ile sauti ya Louisville, siyo?" Nikamwambia, "Usiseme mengi, pumzika." Hayo ndiyo maneno yangu ya mwisho ya maana kwa mke wangu. Mengine yalikuwa ya mto na shuka.

Baada ya mazishi, watu walipokwisha kuondoka, tulikaa wawili hapa jikoni. Uliniuliza kwa Kiingereza, halafu ukaona sijibu, ukarudia kwa Kiswahili: "Baba, nisingeomba kofia, Mama angekuwepo?"

Nikakwambia, "Kula, wali unapoa."

Nimefanya makosa mengi maishani, mengine kwa ujinga, mengine kwa woga. Lakini hilo nililifanya nikiwa na akili zangu zote. Nilikuwa na jibu mdomoni. Ningesema neno moja tu, "Angekufa," ungelia, nami ningebaki na mzigo wangu. Niliona kwamba ukiamini kuwa ni kofia hutauliza habari nyingine. Nikakuachia mtoto wa miaka kumi na miwili ubebe, mimi nikala wali.

Nilimfanyia hivyo hata Bibi Pegi. Alikuja makaburini na kofia yake mkononi, nikamwambia kwa Kiingereza changu kibovu, "Ni manyoya yako." Akawa mweupe kama karatasi. Hakukanusha. Aliondoka peke yake akielekea kwenye gari lake, na sikumwita.

Tangu hapo nyumba hii haijanipa amani. Simaanishi mizimu, wewe na mimi ni watu wa kanisa. Namaanisha nywele za wale alpaka. Miaka inapita lakini bado nazikuta. Unywele mmoja wa kahawia kwenye mkono wa jaketi langu la kazini, wakati nimesimama na boksi mbele ya mkanda wa kusafirisha mizigo. Mwingine kwenye sabuni. Mwingine ndani ya mayai niliyokwisha kukaanga. Na ngazini, nikifika ya saba, nasimama. Sitaki, lakini mwili unamsubiri mtu aliye mbele yangu amalize kufunga kiatu. Majirani wa chini wamezoea, wanadhani ni magoti. Wewe nimekuona unavyopita mbele ya lile kabati: unabana pumzi. Tangu utotoni hadi jana. Kila ukibana pumzi, mimi nahukumiwa, na sisemi.

Ulipofika kidato cha pili nikaamua kuondoa kila kitu. Nikapakia gurudumu na gunia garini, nikaenda kwa Bibi Pegi nikiwa na nia ya kuviacha mlangoni na kukimbia. Alikuwa nje anawalisha wanyama. Aliliona gunia. Akasema, "Goreti hakumaliza?" Nikasema hapana. Akasema, "Basi keti."

Sasa utajua Jumamosi zangu nilikuwa wapi. Nilikwambia ni ovataimu. Ulinikamata siku moja na kitu kama tabasamu ukasema, "Baba, kama una mwanamke niambie tu, mimi si mtoto." Nilicheka mpaka nikatokwa na machozi, na hayakuwa yote ya kicheko. Nilikuwa kwenye banda la bibi wa miaka themanini najifunza kazi ya mama yako.

Tulitandaza manyoya juu ya meza ya wavu, tukayakung'uta, vumbi likaanguka chini kama unga. Nikachambua vijiti na majani, kimoja kimoja. Humo ndani nilikuta uzi mwekundu wa kitenge cha Goreti, ulikuwa umekatika ukaingia alipokuwa anachambua. Sikuweza kuendelea siku hiyo. Wiki iliyofuata tukayaosha, na Bibi Pegi akanishika mkono nisiyakoroge: unayazamisha, unayaacha, unayatoa taratibu na kuyatia kwenye maji mengine yenye joto lilelile. Baada ya kukauka, tukayachana kwa brashi mbili zenye meno madogo ya waya. Sauti ya brashi zile, Ineza, ni pumzi ya mama yako majira yale ya baridi. Khrr, khrr. Mara ya kwanza nilidondosha zote mbili.

Hapo ndipo nilipomwambia. Ilinitoka tu. Nilimwambia habari za Louisville, na karatasi, na mkalimani, na "hapana" yangu. Bibi Pegi aliweka kazi chini, akatoka nje. Kupitia mlango nilimwona ameegemea uzio na uso wake kwenye shingo ya mnyama mmoja. Alikaa huko muda mrefu. Aliporudi macho yalikuwa mekundu. Akasema, "Miaka minne nimelala nikidhani nimemuua rafiki yangu." Nikainamisha kichwa. Akasema, "Msichana anajua?"

"Hapana."

"Mwambie."

Nikasema nitakwambia. Tangu siku hiyo, kila Jumamosi nikivaa jaketi kuondoka, aliuliza, "Umemwambia?" Nami nikajibu, "Bado." Hakunifukuza. Hakunigombeza. Aliuliza tu, Jumamosi baada ya Jumamosi, huku uzi wangu mbaya wenye mafundo ukinyooka kidogo kidogo. Manyoya ya alpaka yanateleza. Ukilegeza, uzi unakatika mkononi, ukikaza mno unajikunja kama nyoka. Nilikatikiwa na uzi huo mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Mwezi uliopita tulisokota nyuzi mbili pamoja, tukauosha uzi wote, tukautundika. Akasema, "Sasa kazi imekwisha. Sasa huna mahali pa kujificha." Nikaenda nyumbani. Sikusema. Halafu ikaja Jumapili, ukasimama mbele ya kanisa.

Ule uzi uko kwa Bibi Pegi. Sijauweka kwenye begi lako na sitauweka. Niliufikiria sana usiku wa Jumatano: ningekupa uzi wa mama yako pamoja na barua hii, ungelia, ungenisamehe kabla hujakasirika. Hapana. Zawadi na kukiri kosa havipaswi kuja mkono mmoja. Siku ukitaka kuuona, utamwambia yeye, siyo mimi. Usipotaka kabisa, pia ni sawa.

Kuhusu masomo yako. Sijui ukishajua haya kama bado utataka kazi hiyo ya kupumua. Labda utaitaka zaidi, labda utaamka asubuhi moja huko Buffalo uone kuwa ulikuwa unalipa kosa ambalo si lako. Ukibadilisha, sitakuwa na neno. Ukibaki nayo, ibaki kwa sababu unaipenda. Mimi niliishi miaka mingi kwa sababu za uongo na najua zinavyochosha.

Na jambo hili si ushauri, ni ombi. Wanasema ugonjwa ule wa koo huwapata watoto, na wewe ulizaliwa kambini, ukaugua koo mara mbili nikikumbuka. Nenda wakusikilize moyo. Nimeogopa kukwambia hata hilo, kwa sababu ungeuliza kwa nini. Unaona woga wangu ulivyokuwa unakaribia kunifanya nirudie kosa lilelile?

Nasikia gari nje, lakini si lako. Mkono unaniuma. Nimesoma nilichoandika nikaona mahali pengi nimejaribu kujipendezesha, lakini sitafuta.

Kesho nitakuwa mkimya garini. Utadhani ni huzuni ya kukuaga, na itakuwa hiyo pia. Ukishaisoma barua, huenda hutataka kusikia sauti yangu kwa muda. Chukua muda wako. Ukitaka kunikasirikia, nikasirikie kwa Kiswahili, nisije nikakosa neno hata moja. Na ukipiga simu halafu ukashindwa kusema, usikate. Mimi nami sitasema. Nitakaa kwenye laini mpaka utakapokuwa tayari.

Baba yako,
Melkiori